Viazi karai vya usiku pale Tudor, Mombasa: utamu wa mama au utamu wa stimu?

Hiki kibanda mshakisikia, na kama hamjakisikia basi hamna marafiki wanaokesha. Hakina jina wala bango, ni karai kubwa jeusi, jiko la makaa la mishkaki, meza yenye kitambaa cha plastiki na viti visivyolingana, lakini ukimwambia mtu wa tuktuk akupeleke kwa viazi Tudor haulizi mara mbili. Sifa zake sasa zimepita mpaka, ati ukwaju ule haujapata kuonekana pwani hii, ati kaimati ukila moja unamkumbuka nyanyako aliyekufa, kuna kijana wa mtaani kwetu aliniapia wallahi kiazi cha pale kilimtoa machozi na si ya pilipili. Nkamuuliza swali moja tu, ulikula saa ngapi? Saa sita usiku. Na kabla ya hapo mlikuwa wapi? Maskani. Haya, tumeelewana.

Manake tusidanganyane, nusu ya hizo sifa zimetoka kwa watu wenye stimu ya bangi. Pale usiku harufu ya bangi inakupokea kabla ya harufu ya mafuta, na mtu akishavuta hata mkate mkavu wa jana kwake ni biriani ya harusi. Mimi sivuti, si kwa ucha Mungu, kifua changu na moshi havipatani tu, na pia sheria ya madawa ya kulevya ya 1994 ingalipo na sina hamu ya kulala seli kwa sababu ya msokoto. Kwa hivyo nkaona mtu wa kutoa riviu ya haki ni mimi. Nimekula pale jioni na nimekula usiku, vitu vile vile, kichwa kikiwa kizima.

Tuanze na viazi manake ndivyo vinavyopeleka watu. Kuanzia saa kumi na moja jioni hivi mpaka magharibi ni vizuri kweli, sitamnyima mama mwenye kibanda haki yake. Kiazi kimechemshwa kikaiva na chumvi imeingia mpaka ndani, si vile vya kwengine unauma unakuta katikati kigumu na hakina ladha yoyote, na lile ganda la unga ni jembamba, lina bizari na dhania na ndimu kidogo, yaani halikufuniki kiazi kama koti la baridi. Bob kumi kimoja, ni vidogo kiasi, mtu mzima anatosheka na sita saba. Chatne ya nazi yasagwa siku hiyo hiyo, nzito, na pilipili yake haikufokei mwanzo, inangoja ushameza ndo ianze maneno. Halafu ukwaju. Ukwaju ndo mambo yote, umechemshwa mpaka umekaza, una utamu kidogo wa tende nadhani, una bizari nyembamba, unaupiga kwa kijiko peke yake na huoni haya. Hapa mimi na watu wa stimu tumekubaliana bila mjadala, na ndo kitu pekee pale tulichokubaliana hivo.

Mishkaki ni ya kawaida. Nyama laini sawa, papai limefanya kazi yake, chumvi imezidi, bob hamsini. Tuendelee.

Kaimati ndipo tulipoachana njia. Hizi zinasifiwa kuliko kitu chochote na mimi nasema wazi, ni sukari tupu. Hamira inasikika, iliki haisikiki, na shira imemwagwa mpaka kaimati inaogelea, ukila ya tatu meno yanaanza kuuma. Nkawa najiuliza, hawa wanaozisifu wana ulimi gani? Basi nkatafuta kusoma kidogo nkaelewa. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio moja, wanaume sita waliishi ndani ya maabara iliyotengenezwa kama nyumba kwa siku 13, wanapewa sigara za bangi za kweli na nyengine zisizo na dawa, na kila wanachokula kinaandikwa. Wakivuta ile ya kweli, kalori za siku zilipanda kwa asilimia 40. Lakini sikiza vizuri, milo yenyewe haikubadilika, chamcha yao ilikuwa ile ile, kilichopanda ni kule kutafuna katikati ya milo, na zaidi ya vyote vilikuwa vitu vitamu vya kutafuna, chokoleti na ndugu zake, kupita soda na kupita krispi za chumvi. Sasa nenda pale saa tano usiku uangalie ni sinia gani iko tupu. Viazi vipo, mishkaki ipo, kaimati zilikwisha zamani na kuna vijana wanaomba wapakuliwe shira iliyobaki.

Kwa hivyo ukisoma mtu amesema kaimati za pale ni namba moja Mombasa, jua unasoma ripoti ya ubongo wake, si ya sufuria ya mama.

Na ubongo wenyewe unatiliwa fitina kutoka pande zote. Ile kemikali inayolewesha kwenye bangi, THC, inashika kwenye vipokezi vinaitwa CB1, ambavyo mwili unavyo tayari kwa kazi zake wenyewe, na viko mpaka kwenye sehemu ya ubongo inayopokea harufu. Watafiti wa Bordeaux kule Ufaransa walionyesha 2014, kwa panya, kwamba vipokezi hivyo vikiamshwa pale pale kwenye harufu, panya wananusa vizuri zaidi na wanakula zaidi. Ni panya, najua, wasinijie watu wa sayansi. Ila kaa pale na jiko la mishkaki lipulizwe na upepo wa kutoka creek, uwaone wale vijana wanavyotokea kona wakifuata moshi bila kusemezana, utaamini hata kama hukusoma. Mama naye si mjinga, jiko ameliweka upande ambao upepo unalipeleka barabarani. Mimi nilidhani ni bahati, nkamuuliza, akacheka, akasema "mwanangu, hii bizinesi ina miaka."

Halafu kuna ile ya kutoshiba. Kuna usiku alikaa kijana meza yetu, mwembamba hivi, adabu tele, amenisalimia shikamoo na mimi si mzee wa hivo, akaagiza viazi, akamaliza, akaagiza tena, akaongeza chapati, akarudi kwenye muhogo. Mama akamwambia "babangu, leo hukula kwenu?" Akajibu "nimekula maa, wali wa nazi na samaki, nimeshiba kabisa, lakini nina njaa." Watu wakacheka lakini yule kijana alikuwa anasema kitu cha kweli kabisa. Kuna seli kwenye ubongo ambazo kazi yake ya kawaida ni kukwambia basi, umeshiba, weka kijiko chini. Watafiti wa Yale walitoa utafiti 2015, panya tena, wakaona chini ya dawa za aina ya bangi seli zile zile hazinyamazi kama walivyotarajia, zinawaka, isipokuwa zinaanza kutoa kemikali nyengine inayosukuma mnyama aendelee kula. Yaani breki imegeuzwa kuwa mafuta. Kwa hivyo mtu anashiba na ana njaa wakati mmoja, na mkoba wake ndo unaolia.

Kinachochekesha ni kwamba ng'ambo ya barabara kuna vijana wengine wa muguka, yale majani ya kutafuna, wanakaa mpaka alfajiri na hawanunui hata kiazi. Chupa ya maji, chingamu ya Big G, njugu kidogo, basi. Muguka na miraa zina kathinoni, hiyo inakuchangamsha na inaua hamu ya chakula kabisa, mtu anamaliza usiku mzima mashavu yamejaa na tumbo liko tupu. Mei 2024 gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka kuingia kaunti, kabla mambo hayajafika kotini, ilikuwa gumzo kila baraza, na mama wa viazi alinambia yeye hata habari hizo hazikumgusa, "hao si kastoma wangu." Ukitaka kujua mtu ametumia nini hapo usiku usimwangalie macho, angalia sahani.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi, na ndo sababu ya kuandika haya yote. Chakula cha saa kumi na moja na chakula cha saa tano usiku pale si chakula kimoja. Mafuta ya jioni ni ya dhahabu, ya usiku yamekuwa meusi na yananata mdomoni. Ganda la kiazi limenenepa kwa sababu viazi vinakatwa vidogo na unga unajazwa kuficha. Chatne imeongezwa maji. Nilipewa kiazi kimoja usiku, wallahi, kilikuwa cha jioni kimerudishwa karaini, unakijua kwa lile ganda la nje kuwa gumu na la ndani limelegea. Bei ni ile ile. Nkamwambia kwa heshima, "maa, hiki kimelala." Hakukasirika, akakitoa akanipa chengine, akasema kwa sauti ya chini "saa hizi hakuna anayeuliza, mwanangu."

Na ni kweli hakuna anayeuliza. Foleni ya watu, kila mmoja anakula macho yamefumba, wanasema yarabi viazi hivi, na mimi nimekaa na kiazi cha mafuta ya taka. Ndo maana nasema stimu imeharibu kibanda kizuri. Mpishi yeyote anafundishwa na kastoma wake, kastoma akirudisha sahani mpishi anarekebisha, sasa kama kastoma wako wa faida kubwa ni mtu ambaye atasifu chochote cha moto chenye chumvi na sukari, utanunua mafuta mapya ya nini? Yule mama anaweza kupika, nimekula ushahidi jioni. Usiku hapiki, anauza.

Vinywaji ni hadithi ile ile. Bangi inakausha mdomo, tezi za mate zinapunguza kazi, basi watu wanafika ulimi umeganda na juisi inakwenda kama maji ya bomba. Juisi ya bungo ya jioni ni nzito na chachu, imekaa sawa, bob thelathini glasi. Ya usiku ni maji ya rangi ya manjano yenye sukari, barafu imejazwa mpaka juu. Ukienda usiku nunua dafu kwa yule mzee wa mkokoteni wa karibu, dafu haliwezi kuongezwa maji.

Nikiwa hapo nlikutana na shemeji wa rafiki yangu akanivuta pembeni, amesikia naongea mambo ya bangi na chakula, mamake ana saratani yuko kwenye kemo hali kitu, amepungua, na kuna mtu amemshauri ampikie bangi kwenye chai. Nkamwambia ninachokijua. Kwamba hiyo njaa si porojo za maskani, hata madaktari wameitumia, Marekani iliidhinisha dawa ya dronabinol, ambayo ni THC iliyotengenezwa kiwandani, 1985 kwa kichefuchefu cha kemo, na 1992 wakaiongezea kazi ya wagonjwa wa ukimwi waliokuwa wakikonda kwa kukosa hamu ya kula. Lakini ile ni kidonge chenye kipimo, na daktari anamfuata mgonjwa. Chai ya majani uliyouziwa na mtu wa kona huna habari ina nguvu kiasi gani, na ya kula si kama ya kuvuta, inachelewa kuingia halafu inakaa masaa, mtu mzima wa miaka sabini akilewa hivo anaweza kuanguka, moyo unaweza kwenda mbio, akili ikachanganyika, na dawa zake nyengine je? Nkamwambia kaka, mwambie daktari wa saratani waziwazi kwamba mama hali, hilo si jambo dogo kwao, wana dawa za kichefuchefu na wana watu wa lishe. Na uji wa wimbi wa nazi kikombe kidogo kidogo, usimlazimishe sahani. Akanishukuru, akanunua viazi vyake akaenda.

Kuna na upande wa pili ambao vijana hawautaki kuusikia. Kuna watu waliovuta miaka na miaka kila siku, na badala ya njaa wanapata kutapika, kutapika kwa mzunguko, tumbo linauma, na kitu pekee kinachowatuliza ni kuoga maji ya moto. Madaktari wa Australia waliliandika hilo 2004. Hebu fikiria maji ya moto na joto letu la Machi. Dawa yake ni kuacha, na wengi hawaamini kwa sababu wanajua bangi ni ya kuzuia kutapika, basi wanavuta zaidi.

Na kwa wale dada zangu wanaoniuliza mbona hawa wavutaji wanakula hivi na hawanenepi, hilo hata mimi linanishangaza. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotoka 2011 ulikuta unene wa kupita kiasi ni mdogo kwa wavutaji kuliko wasiovuta. Sababu zinabishaniwa mpaka leo, na hakuna aliyethibitisha kwamba moshi ndo unaokondesha, kwa hivyo msiifanye dieti. Kuna kampuni ilijaribu njia nyengine, Sanofi ilileta kidonge cha rimonabanti Ulaya 2006, hicho kilikuwa kinaziba vile vipokezi vya CB1 ili mtu asisikie hamu, na kweli watu walipungua kilo, isipokuwa wengine waliingia kwenye huzuni nzito mpaka mawazo ya kujiua, 2008 kikaondolewa sokoni. Inaonekana ule mlango ukiufunga kabisa unafunga na furaha nyengine pamoja na ya kaimati.

Basi, turudi kwenye meza. Nyota nampa nne kwa jioni, mbili kwa usiku, na hiyo moja kati ya mbili ni ya ukwaju ambao hata saa sita haujaguswa na maji, sijui kwa nini, labda una heshima yake. Muhogo wa kuchoma nlisahau kusema ni mzuri wakati wote, pilipili na ndimu unajitilia mwenyewe, hauna pa kuharibika. Chapati siyo, ni za kununuliwa kwengine. Choo hakuna. Maji ya kunawa yapo kwenye ndoo ya koki na sabuni ipo, hilo nampa pongezi. Anapokea Mpesa lakini uliza namba kabla hujatuma kwa sababu ile iliyobandikwa ukutani ni ya zamani. Wenye watoto nendeni kabla ya magharibi, baada ya isha ule moshi si wa kumkalisha mtoto ndani yake, na askari hupita pale wakati mwengine na wakifika hawachagui nani amekuja kula na nani amekuja na msokoto mfukoni, utajieleza na kiazi mkononi.

Ijumaa hafungui mpaka baada ya laasiri. Na mkifika usiku semeni kabisa, "maa, nataka cha mafuta mapya," mngoje hata nusu saa. Mimi nshasema naye, akanambia wakija watu watano wa kusema hivo kwa usiku mmoja atabadilisha mafuta. Tafadhali tufikeni hao watano.